Kiboko wa Picha na Kiboko wa Mto: Uhakiki wa Owen & Mzee kwa Darasa la Garsen

Kitabu cha picha za wanyama huingizwa katika somo la Kiingereza kwa imani kwamba picha haihitaji tafsiri: mtoto humwona mnyama, hutajiwa jina, na neno likawa lake. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Kielelezo chake ni Owen & Mzee: The True Story of a Remarkable Friendship (2006) cha Isabella Hatkoff, Craig Hatkoff na Paula Kahumbu, chenye picha za Peter Greste, kikitazamwa kwa macho ya mtoto wa Garsen, kando ya Mto Tana.

Kisa ni cha kweli, tena cha pwani. Mnamo Desemba 2004, ndama wa kiboko kutoka Mto Sabaki alikwama baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami. Aliokolewa, akapelekwa Haller Park, Mombasa, na huko akaandamana na kobe wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130. Kifani, nguvu ya kitabu imo katika kamera. Mchoro ungechukuliwa kuwa hekaya, mithili ya visa vya sungura na fisi. Picha ya kamera hudai kuwa ushahidi.

Dai hilo linagongana na ujuzi wa msomaji wa Tana. Wapokomo hulima kingoni mwa mto, na kiboko hutoka majini usiku kula mazao yao. Akikutana na mtu, huweza kumuua. Kwa hiyo, pale ambapo mtoto wa London huona urafiki wa kupendeza, mtoto wa Garsen huona jambo lisilosadikika. Yeye ndiye msomaji anayeufikia undani wa kisa, kwani mshangao huhitaji hofu iliyotangulia. Hata hivyo, somo likikomea katika kuitikia "hippo" kwa pamoja, undani huo hupotea, na mtoto azijuaye nyayo za mnyama huyu matopeni huhesabiwa mjinga kwa kutojua jina moja la kigeni.

Majina yenyewe yana picha zake. Neno la Kiingereza limetokana na Kigiriki, lenye maana ya farasi wa mto. Kiswahili kiliupa mjeledi wa ngozi ya mnyama huyu jina lake, na viboko vilikuwa adhabu halali shuleni nchini Kenya hadi vilipopigwa marufuku mwaka 2001. Aidha, jina la kobe, Mzee, limeachwa katika Kiswahili. Hapo mwanafunzi wa Garsen ndiye mfasiri: anajua heshima iliyomo katika neno hilo, na jinsi inavyogeuza uhusiano wa wanyama wawili kuwa wa mdogo na mlezi.

Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya mwanzo. Kwa kitabu hiki, pendekezo hilo lina maana ya kiuhakiki pia. Hapana budi watoto wamsimulie kwanza kiboko wao kwa Kipokomo, Kiorma au Kiswahili, ndipo wakifungue kitabu. Kiingereza kitawajia kama lugha ya kuulizia swali walilo nalo tayari: je, yawezekanaje?