Sifa ya Kasiksi

Masisi, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo, haina mizabibu, na sioni cha kusikitikia. Katika milima ile ya baridi, watu wana kinywaji chao cha matunda: kasiksi, ikamuliwayo kutoka kwenye ndizi. Anayeitengeneza vizuri anastahili heshima ileile Wafaransa wanayowapa mafundi wao wa divai.

Kazi huanzia shimoni. Ndizi zilizokomaa hufukiwa kwenye majani ya mgomba, na kwa kuwa baridi huchelewesha kuiva, shimo hutiwa joto kwa moto au moshi. Siku chache baadaye fundi hufunua pembeni na kubonyeza moja kwa kidole. Mimi naamini ufundi wote umo katika kidole hicho. Ndizi ikiwa bado ngumu, wanga wake haujageuka sukari. Ikiiva kupita kiasi, inakuwa rojo lisilochujika. Ndizi iliyofikia kiasi chake humenywa, ikakandwa pamoja na majani makavu yanayozuia nyama yake, maji yakatoka safi. Kisha unga wa mtama uliokaangwa huongezwa, nao huleta chachu, rangi na uchungu mdogo. Usiku mmoja au miwili, imeiva. Ikikaa zaidi huelekea kuwa siki. Fundi wa divai anaweza kuitegemea miaka imrekebishie kazi. Wa kasiksi hana mwaka wa kumtetea.

Kwa hiyo chakula chake hufuata siku. Kasiksi changa, ambayo bado ni tamu, naipenda na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliokaangwa wakakauka, kwa sababu chumvi yao inaomba utamu. Ikishachachuka kidogo, nipe jibini ya Masisi, yale magurudumu ya njano yanayoteremshwa hadi masoko ya Goma: mafuta ya maziwa ya malisho yale hayakatwi na kitu kama ukali huo.

Huko Walikale, msituni magharibi mwa Masisi, mgomba una hadhi ya kishujaa. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao Shé-kárisi Rureke aliusimulia mwaka 1956, Mwindo anamfuata baba yake kuzimu, naye Muisa, mungu wa huko, anampa mtihani: alime shamba la migomba, apande na avune. Waliotunga hadithi hiyo walijua kazi ipi inampima mtu.

Mtihani wa leo ni ugonjwa. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Masisi mwaka 2001. Wadudu hubeba bakteria wake hadi kwenye ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu. Dawa haipo, lakini mbinu ipo: ua huvunjwa mapema kwa mti wenye panda, si kwa kisu, na panga lililogusa shina gonjwa hupitishwa motoni kabla ya kugusa jingine. Anayefanya hivyo shambani ameshaanza kupika kasiksi ya msimu ujao.