Mti Huu Una Mwenyewe: Kurudi kwa Edward Abbey na Mto Wake

Kuna vitabu ambavyo mtu huvipenda na kugombana navyo kwa wakati mmoja, kama ndugu wa tumbo moja. Kwangu mimi kimojawapo ni Desert Solitaire cha Mmarekani Edward Abbey, kilichotoka mwaka 1968. Nimekisoma mara tatu sasa. Mara ya kwanza nilikipenda kupita kiasi. Mara ya pili kiliniudhi. Mara ya tatu, mwezi uliopita, nilijikuta narudia sura moja tu, ile ya safari ya mtoni. Nikimaliza, naanza tena. Nadhani sura hiyo inabeba kitabu chote: uzuri wake umo humo, na dosari yake kubwa imo humo humo.

Kwa wasiomjua: Abbey alizaliwa Pennsylvania mwaka 1927, akaenda magharibi, akapata kibarua cha msimu kama askari wa hifadhi ya Arches, karibu na mji wa Moab katika jimbo la Utah. Hiyo ilikuwa miaka ya 1956 na 1957, kabla Arches haijawa hifadhi ya taifa na kabla barabara ya lami haijafika. Alikaa kwenye nyumba ya bati ya kukokotwa na gari, akiangalia mawe mekundu, nyoka, mireteni, na watalii wachache. Kutokana na madaftari yake alitunga kitabu kinachoonekana kama habari ya msimu mmoja, kumbe ni misimu kadhaa iliyoshonwa pamoja. Mshono hauonekani, na hilo peke yake si kazi ndogo.

Sura ninayoizungumzia inahusu safari ya mwaka 1959. Abbey na rafiki yake Ralph Newcomb waliingia Mto Colorado na viboti viwili vya mpira vya kujazwa upepo, vidogo, wakavifunga ubavu kwa ubavu, wakaachia maji yawabebe kupitia Glen Canyon. Maboya ya kujiokolea walisahau. Ramani waliyokuwa nayo ni ya barabara, ile inayotolewa kituo cha mafuta. Kila jioni wanatia nanga kwenye mchanga, wanaokota magogo yaliyoletwa na mto, wanakaanga nyama na kupika maharage, Ralph anavua kambare, kisha wanalala palepale nje. Hakuna hema, hakuna kitanda, hakuna choo. Maji ya kunywa ni ya mto wenyewe, mazito kwa udongo mwekundu, wanayaacha kwenye chombo yatulie ndipo wanywe.

Hivyo tu. Hakuna simba, hakuna mtu anayezama. Anayetafuta kisa cha kusisimua atachoka mapema. Kinachonishika mimi ni mwendo wa lugha. Sura za mwanzo za kitabu hiki zina hasira na kelele. Ile ya kuwasema watalii wa magari na wakubwa wa hifadhi inapiga kama ngoma ya mganda. Lakini viboti vikishaingia majini, sentensi zinalegea. Siku zinapoteza majina. Mwandishi anaanza kutaja vitu tu: kona ya mwamba, chemchemi inayotiririka kwenye ukuta wa jiwe, feni za kijani mahali ambapo hukutarajia jani lolote, sauti ya maji yanayoporomoka mbele ambayo ni kubwa kuliko maporomoko yenyewe. Ukisoma kwa sauti utaona unapunguza kasi bila kuambiwa. Sisi tuliokulia kwenye lugha inayothamini masimulizi ya mdomo tunaujua ujanja huo. Msimulizi mzuri habadilishi maneno peke yake, anabadilisha pumzi.

Halafu kuna ucheshi. Abbey hajifanyi mtaalamu wa nyika. Kuna mahali anawasha moto kwa uzembe wake mwenyewe, upepo unauchukua, vichaka vya kijikorongo vinaungua, naye anatoka mbio hadi mtoni akiwa mweusi kwa masizi. Mwandishi mwingine anayehubiri kutunza mazingira angekificha kisa hicho. Yeye anakisimulia akijicheka. Ndiyo maana, hata anapokuudhi, unaendelea kumwamini.

Lakini juu ya ucheshi huo kuna kivuli, na msomaji anakijua tangu ukurasa wa kwanza. Mto huo umeshahukumiwa. Ujenzi wa bwawa la Glen Canyon ulianza mwaka 1956. Malango yalifungwa Machi 1963, na maji yakaanza kupanda. Ziwa Powell lilipojaa mwaka 1980 lilikuwa na urefu wa takriban kilomita 300. Mchanga walikolala Abbey na Ralph, ile mikondo, zile feni, kuta zenye michoro ya watu wa kale, vyote viliingia chini ya maji. Kwa hiyo kila jioni wanapotia nanga tunajua tunaangalia chumba ambacho mwenye nyumba amekwisha kuambiwa ahame. Mwishoni wanakutana na bango la serikali linalowaamuru watoke mtoni, maana mbele kuna ujenzi. Basi, safari imekwisha. Hakuna hotuba ndefu hapo, na kwa mtu anayependa hotuba kama Abbey, ukimya huo unauma.

Sasa ugomvi wangu.

Mwaka 1998, likizo ya Agosti, nilimsindikiza mjomba wangu aliyekuwa dereva wa lori. Tulitoka Kitale tukiwa na magunia ya mahindi, tukashuka Marich, tukapita Lokichar hadi Lodwar, kisha tukashika njia ya vumbi ya kuelekea Lorugum. Huko lori likakatika springi. Utingo akarudi Lodwar kwa miguu kutafuta nyingine, ikabidi iagizwe Kitale, nasi tukakaa siku tatu kando ya Mto Turkwel. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa raha ya ajabu, sitaki kudanganya. Tulitandika turubai chini ya mgunga. Usiku nyota zilikuwa karibu mno hata nilidhani mtu akipanda mti atazifikia. Mjomba alinikataza kulala kwenye mchanga wa laga iliyokuwa jirani, ingawa ulikuwa laini kuliko godoro, kwa sababu maji ya laga hushuka kutoka mvua ambayo wewe hujaiona wala kuisikia. Nilipokuja kusoma sura ya Abbey inayohusu maji, anapoeleza jinsi mafuriko ya ghafla yanavyoshuka korongoni juani kabisa, nilisema: huyu anajua.

Asubuhi ya pili nilipanda ule mgunga nikakata matawi mawili ya kuni. Haikupita saa moja, mzee wa Kiturkana akatokea na kigoda chake mkononi. Aliangalia matawi, akamwangalia mjomba, akauliza kwa utulivu, "Nani alikuambia kata hii?" Mjomba akaanza kueleza habari ya springi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huu mti iko na mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeangalia kushoto na kulia nikaona jangwa. Sikuona nyumba, sikuona ua, sikuona shamba. Kumbe pale nilipokuwa nimesimama palikuwa na mipaka iliyojulikana kwa kila mtu isipokuwa sisi. Waturkana wa kando ya mito wana utaratibu wanaouita ekwar: kipande cha msitu wa ukingoni, na miti yake, kina familia yake. Maganda ya mgunga yakidondoka kiangazi ni chakula cha mbuzi wa fulani, si wa kila mpita njia. Mjomba akaomba radhi, akatoa sukari, majani ya chai na tumbaku. Mzee akakaa, akanywa chai, akacheka kidogo. Kabla ya kuondoka alituonyesha mahali pa kuchimba kwenye mchanga ili tupate maji safi kuliko yale ya mtoni.

Tangu hapo siwezi kusoma habari za mtu aliyelala kando ya mto jangwani bila kumsubiri yule mzee atokee. Kwa Abbey hatokei. Siku nyingi mtoni, na hakuna anayemuuliza nani kakuambia uokote kuni hizi. Wenyeji wamo kitabuni, lakini wamegawanywa pande mbili. Wale wa kale, waliojenga vijumba ndani ya miamba na kuacha michoro, anawaandika kwa upole na mshangao. Wanavajo walio hai, ambao ardhi yao inafika mpaka kwenye ukingo wa korongo hilohilo, wamewekwa kwenye sura nyingine. Humo anaonyesha huruma juu ya umaskini wao, halafu papo hapo anawahesabu kama tatizo la idadi ya watu. Daraja la jiwe la Rainbow Bridge, ambalo kwa Wanavajo ni mahali patakatifu, analifikia kwa miguu, analitafakari kwa namna yake ya kifalsafa, na kuendelea. Sura hiyo ya Wanavajo ndiyo iliyozeeka vibaya kuliko zote. Mtu aliyemfuatilia nyoka mmoja chini ya nyumba yake kwa kurasa nzima hakupata subira ya kukaa na jirani anywe naye chai.

Na si majirani peke yao. Waliomwandikia wasifu wanaeleza kwamba miaka hiyo Abbey alikuwa na mke na mtoto mchanga, na kwa sehemu ya muda walikuwa naye kulekule Arches. Kitabuni hawamo. Upweke anaotuonyesha ni wa kutengeneza. Sisemi kutengeneza ni kosa, maana kila mwandishi hukata. Nasema tu kwamba ukiwaona waliokatwa unaelewa nyika yake imejengwaje: kwanza unawatoa watu, kisha unashangaa jinsi palivyo patupu.

Kiswahili kinanisaidia kuliona hilo. Jaribu kutafsiri safari yake. Utasema walipiga kambi. Lakini neno kambi kwetu limebeba mizigo mingi: kambi ya jeshi, kambi ya vibarua wa mkonge, kambi ya watalii, kambi ya wakimbizi. Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, iko Turkana hiyohiyo, kando ya laga ya Tarach. Nayo ni kambi kando ya mto jangwani. Waliopo humo hawakusahau maboya kwa uzembe wa kufurahisha, na hakuna bango mwishoni linalowaambia warudi nyumbani. Simlaumu Abbey kwa kutoijua Kakuma. Lakini msomaji wa huku hawezi kulisoma neno hilo kana kwamba ni jepesi, na nadhani huo ni usomaji halali kabisa.

Mbona basi naendelea kukirudia?

Kwa sababu mara hii ya tatu niliona jambo ambalo hasira yangu ya mara ya pili ilinificha. Abbey hamkuti yule mzee mtoni kwa kuwa, kwenye habari ya bwawa, yeye mwenyewe amejipa nafasi ya mzee. Anatokea na kigoda chake mbele ya wahandisi na serikali na kuuliza swali lilelile: nani aliwaambia mkate? Anauliza kwa niaba ya mwamba, kambare na feni, wala si kwa niaba ya familia fulani yenye mbuzi. Hapo ndipo anapopungukiwa. Swali lenyewe ni la kweli. Na sisi tunalihitaji. Turkwel ninayoikumbuka ilikuwa tayari na bwawa lake kule juu kwenye genge, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, la megawati 106. Mafuriko yaliyokuwa yakiunywesha msitu wa ukingoni yakadhibitiwa. Omo, mto unaolijaza Ziwa Turkana kwa sehemu kubwa, uliwekewa bwawa la Gibe III lililozinduliwa mwaka 2016. Mimi napenda taa iwake, tena naandika haya kwa umeme. Lakini sijawahi kusoma kwa Kiswahili kitabu kizima cha mtu aliyelala kando ya Turkwel kabla ya bwawa akaandika alichokiona. Abbey alifanya kazi hiyo kwa mto wake, hata kama aliifanya nusu.

Na mto wake haujamaliza maneno. Mapema mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya ukame, Ziwa Powell lilishuka hadi chini ya robo ya ujazo wake. Vijikorongo vya pembeni vilivyokuwa vimezama vikaanza kutokea tena, na baadhi vikaota miche. Kurasa alizoziandika kama maombolezo sasa zinaweza kusomwa kama kumbukumbu ya mahali panaporudi kidogo kidogo.

Kwa hiyo kisomeni. Anzeni na sura ya maji, mfuate na ya mtoni, na ya Wanavajo msiiruke, isomeni mkiwa mmekunja uso. Kisha kama una babu, shangazi au mjomba aliyewahi kulala kando ya mto mkavu au uliojaa, Turkwel, Tana, Kerio, wowote ule, mwulize alilala wapi, alikunywa nini, na nani alikuja asubuhi kuuliza habari ya kuni. Mjomba wangu alifariki kabla sijamuuliza jina la yule mzee.