Damu ya Askari Ilivyofichua Mwanzo wa Lupasi

Mtafiti wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, hukutana na mgonjwa kwa kuchelewa. Viungo vimeshavimba, upele umeshatanda mashavuni, pengine figo zimeshaanza kuvujisha protini. Kinga ya mwili ilianza lini kumgeukia mwenyewe? Kuwafuatilia watu wenye afya kwa miaka mingi ili kusubiri wachache waugue ni gharama isiyobebeka, maana ugonjwa wenyewe ni nadra.

Melissa Arbuckle, Judith James, John Harley na wenzao walilikabili swali hilo kwa kurudi nyuma. Jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari wake VVU mwaka 1985, na seramu iliyobaki baada ya vipimo ikahifadhiwa kwenye baridi kali. Hazina hiyo ilifikia sampuli zipatazo milioni 30, za watu zaidi ya milioni 5. Hazikukusanywa kwa ajili ya lupasi, na hiyo ndiyo faida yake kubwa: damu ilichukuliwa bila mtu yeyote kujua nani angekuja kuugua.

Kazi ilikwenda kwa hatua tatu. Kwanza walipitia majalada ya matibabu na kuthibitisha wagonjwa 130 wa lupasi. Kisha wakatoa seramu za wagonjwa hao za kabla ya kutambuliwa ugonjwa, pamoja na za watu wasio na lupasi waliolingana nao. Mwisho wakapima kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, aina moja baada ya nyingine, na kuandika kila aina ilionekana lini.

Matokeo yalichapishwa Oktoba 2003 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa 115 kati ya 130, yaani asilimia 88, walikuwa na angalau aina moja ya kingamwili hizo kabla ya kutambuliwa. Kwa wastani miaka 3.3 kabla, na aliyetangulia kuliko wote miaka 9.4. Katika kundi la kulinganishia, waliokutwa nazo walikuwa asilimia 3.8 tu.

Lakini uzito wa kazi hii uko kwenye mpangilio kuliko kwenye asilimia. Kingamwili za ANA (zinazolenga kiini cha seli), zile za protini za Ro na La, na zile za fosfolipidi zilitangulia, wastani wa miaka 3.4 kabla ya utambuzi. Za DNA zilifuata, miaka 2.2. Za protini za Sm na RNP zilichelewa, miaka 1.2 tu. Sm ni nadra kuonekana nje ya lupasi, ilhali ANA hupatikana hata kwa watu wasiougua chochote. Kwa hiyo ugonjwa haukulipuka siku moja: ulijijenga kwa ngazi, na aina za hatari zaidi ziliongezeka kadiri dalili zilivyokaribia.

Takwimu hizi zina mipaka miwili. Wagonjwa wengi walikutwa na kingamwili tangu sampuli yao ya kwanza kabisa, hivyo miaka 3.3 ni kima cha chini. Mwanzo halisi uko nyuma zaidi. Mpaka wa pili ndio unaosahaulika: utafiti ulianza na wagonjwa ukarudi kwenye damu yao. Asilimia 88 ya wagonjwa kuwa na kingamwili mapema si sawa na kusema asilimia 88 ya wenye kingamwili wataugua.

Kazi hiyo ilizua swali jingine: je, lupasi inaweza kucheleweshwa? Mwaka 2007 James na wenzake waliwarudia askari walewale. Waliopewa mapema haidroksiklorokwini, dawa iliyoanzia kwenye malaria, walichukua muda wa kati wa miaka 1.08 tangu dalili ya kwanza hadi kutimiza vigezo vya lupasi. Wasioipata, miaka 0.29. Kwa kuwa dawa haikugawiwa kwa bahati nasibu, ushahidi huo haukutosha, ndipo likaja jaribio la SMILE nchini Marekani kuipima dawa hiyo kwa watu wenye dalili chache ambao bado hawajatimiza vigezo.

Kwa daktari mwenye jibu chanya la ANA mkononi, somo ni kuuliza zaidi: kuna dalili gani, mkojo una protini, kingamwili nyingine zimeongezeka? ANA peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa.