Kiki Isiyosikika Kwenye Simu

Spika ya simu haina nguvu chini ya hezi 200 hivi, na kiki, ile ngoma kubwa ya muziki wa dansi, hukaa karibu na hezi 50, pamoja na besi. Prodyuza anayetaka wimbo wake uchezwe Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako wengi husikiliza kwa simu au redio ndogo, aanzie hapo. Kiki aliyoitengeneza kwa usiku mzima, msikilizaji wa simu haipati.

Saidicheni inaweza kumpa pigo lake. Kompresa ya kawaida husikiliza sauti inayopita ndani yake na kuibana ikivuka kizingiti. Kwenye saidicheni, kompresa inakaa juu ya besi au sintesaiza, lakini inasikiliza kiki. Kiki ikipiga, sintesaiza inashuka. Kiki ikiisha, inapanda tena. Msikilizaji wa redio anaujua mwendo huu tangu zamani: mtangazaji akianza kusema, muziki unashuka chini yake. Daft Punk, katika "One More Time" ya mwaka 2000, waliuacha usikike wazi, wimbo ukawa kama unapumua.

Kazi kubwa iko kwenye muda wa kuachia, yaani muda ambao kompresa huchukua kuirudisha sauti. Gawa 60,000, milisekunde za dakika moja, kwa kasi ya wimbo. Kwa mapigo 128 kwa dakika, kutoka kiki hadi kiki ni milisekunde 469. Ukiweka kuachia milisekunde 250, sauti inarudi na kutulia kabla ya pigo linalofuata. Sasa peleka kipimo hichohicho kwenye singeli ya Dar es Salaam, ile ambayo Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliikusanya katika Sounds of Sisso mwaka 2017, inayovuka mapigo 200. Kwenye 240, pigo zima ni milisekunde 250. Besi haipati nafasi ya kurudi. Inabaki chini wimbo mzima, na prodyuza anadhani besi yake ni dhaifu. Hapo shusha kuachia hadi milisekunde 80, au hata chini yake.

Kwenye mashine nyingi za zamani muda huo wa kuachia hutunzwa na kapasita: inajaa umeme kiki inapopiga, kisha inaumwaga taratibu kupitia rezista. Leo ni hesabu ya kompyuta, lakini kompyuta yenyewe mara nyingi ina kapasita ndogo za tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. Rubaya, Masisi, ni kati ya machimbo makubwa ya koltani duniani. Bati, linalounganisha sakiti, linachimbwa Bisie, Walikale. Rubaya iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, na Machi 2025 mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi kwa muda vita vilipokaribia. Inaniuma kwamba watu wa huko tunawapelekea miksi zilizopimwa kwa spika za klabu za Ulaya tu.

Ndombolo, muziki wa kucheza wa Kongo, inataka uangalifu zaidi. Pale ambapo kiki yake haipigi kila pigo sawasawa kama ya house, saidicheni ikiifuata, sintesaiza inayumba ovyo. Tengeneza kiki bubu: chaneli isiyotoka kwenye spika, inayopiga pale tu unapotaka sauti ishuke. Gitaa la seben, ile sehemu ya kucheza, liache bila saidicheni. Mchezaji anafuata zile nota zinazozunguka bila kukatika, na ukizikata unamkata miguu.

Kwa simu, basi, usiishie kwenye besi. Ishushe pia sintesaiza ya katikati, kati ya hezi 300 na 2,000, kwa desibeli 4 hadi 6. Simu haitatoa kiki, ila itatoa pengo lililoachwa nayo, na sikio litalihesabu pengo hilo kama pigo. Kupima, kata kila kitu chini ya hezi 200 kwenye chaneli kuu, usikilize kwa sauti ndogo. Kama kichwa hakitikisiki, ongeza kina cha pengo kabla ya kuigusa kiki.