Jukwaa Lisiloharakisha Maridhiano

Tamthilia zinazohubiri maridhiano aghalabu huwa na pupa. Mahasimu hushikana mikono, taa zikazimwa, na mtazamaji akaenda zake akijiona amesamehewa bila kuombwa chochote. *Black Diggers*, iliyotungwa na Tom Wright na kuongozwa na Wesley Enoch, ikaanza kuonyeshwa Sydney Januari 2014, haina pupa hiyo. Inawahusu wenyeji asilia wa Australia waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na ufundi wake ni kuuacha ukweli usemwe wote kabla ya yeyote kuambiwa asamehe.

Ukweli huo ni mchungu. Kanuni za uandikishaji zilimkataa asiyekuwa na asili ya Kizungu kwa kiwango cha kutosha. Mwaka 1917, askari walipopungua, zikalegezwa kwa mwenye mzazi mmoja Mzungu. Hata hivyo zaidi ya wenyeji asilia 1,000 walikwenda vitani, baadhi yao wakiificha asili yao. Waliporudi, mashamba waliyopewa maveterani Wazungu wakanyimwa wao, isipokuwa wachache mno. Kutokana na nyaraka za historia hii Wright na Enoch hawakumtafuta shujaa mmoja. Walisuka vipande vingi vifupi, wakawakabidhi wanaume tisa, wote wenyeji asilia, wacheze kila nafasi, hata ya ofisa Mzungu. Hapo sanaa inakaribia kikao cha tume ya ukweli: shahidi huyu anasema, yule anampinga, na hakuna anayefunga shauri. Kweli, vipande vingine hukatika kabla havijakolea. Lakini shujaa mmoja angekuwa rahisi kumlilia, kisha kumsahau.

Wapo watakaouliza kwa nini kalamu ilishikwa na Wright, ambaye ni Mzungu. Swali ni la haki, wala uongozi wa Enoch, ambaye ni mwenyeji asilia, hauliondoi lote. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba maneno hayo hayafiki kwetu bila kupita mikononi na vinywani mwa wenyewe. Pingamizi zito zaidi ni hili: je, mtu astahili heshima kwa sababu tu aliipigania himaya iliyompora? Tamthilia ya kizalendo ingenaswa hapo. Hii inaanza na mauaji ya wenyeji, miongo kadhaa kabla ya vita, na inawafuata askari hadi kwenye ufukara wa baadaye, kiasi kwamba utumishi wao haubaki cheti cha ubora bali deni lisilolipwa. Anayedai tamthilia kama hiyo inachochea uhasama anasahau kwamba huwezi kuridhiana juu ya jambo ambalo upande mmoja haujawahi kulisikia.

Bunge la Australia liliomba radhi mwaka 2008 kwa ajili ya watoto walionyang'anywa familia zao. Mashamba ya askari hayakutajwa, na *Black Diggers* haijifanyi kuyarudisha.