Orpheus na Eurydice: sanamu ya kipagani mbele ya mauti

Wengi wetu tulisoma habari ya Orpheus katika Vergilius, kitabu cha nne cha Georgica, tukihesabu silabi ndefu na fupi. Wachache wametazama namna mchongaji alivyoisimulia. Tunataka kusema juu ya jiwe la marmari lililo katika nyumba ya vitu vya kale ya Napoli. Ni nakala ya Kiroma. Kazi ya kwanza, ya Kigriki, ilichongwa karibu na miaka 420-410 mbele ya Kristu, nayo imepotea.

Eurydice aliumwa na nyoka, akafa. Mume wake Orpheus akashuka kuzimu na kinubi, akaimba hata akarudishiwa mke kwa sharti moja: asigeuke njiani kumtazama. Aligeuka.

Mchongaji amechagua saa ile ile. Watu ni watatu tu. Upande wa kuume Orpheus anafunua uso wa mke wake. Eurydice, katikati, ameweka mkono begani pa mume. Na nyuma yake Hermes, mwenye kupeleka wafu, amekwisha kumshika mkono wa pili, pole pole, kama mtu anayeonea haya kazi yake. Hakuna anayelia, hakuna anayevutwa kwa nguvu. Mikono inasema yote.

Lakini kasoro iko. Nakala ya Louvre, kule Paris, imeandikwa majina mengine kabisa: Zethus, Antiopa, Amphion. Basi jiwe hili, pasipo neno, laweza kusomwa vingine.

Wako wanaosema ya kwamba sanamu za wapagani hazifai katika seminari. Hatukubali. Klementi wa Aleksandria alimkemea Orpheus kuwa mdanganyifu, akamsifu Kristu kuwa Wimbo mpya. Wakristu wa Roma walimchora Orpheus katika makatakombe wakimfikiri Kristu. Pande zote mbili walimjua vema.

Tena mchongaji huyu hakudanganya. Ameonyesha upendo unaofika mpaka mlango wa mauti, usiweze kuuvuka. Sisi tunaokwenda katika vilio, mapadri na wakatekista, tusikimbilie neno la Paska kabla ya kuutazama mkono ule begani. Mjane akiona kwanza ya kwamba tumeujua uchungu wake, atatusikia tukimtangazia Yule aliyeshuka kuzimu, akatoka pamoja na wafu wake.