"So" ya Heaney na "Basi" ya Mtambaji: Kionyeshi Kilichojificha katika Neno Fupi la Kiingereza

Seamus Heaney alipochapisha tafsiri yake ya Beowulf mwaka 1999, neno la kwanza lilikuwa na herufi mbili tu: "so". Utenzi huo wa Kiingereza cha Kale unaanza kwa neno hwæt, ambalo watafsiri wengi waliotangulia waliligeuza kuwa wito wa kikale. J.R.R. Tolkien, aliyekamilisha tafsiri yake ya nathari mwaka 1926 ingawa ilichapishwa mwaka 2014, alichagua "lo". Heaney alichukua neno la jikoni, akalifungia kwa nukta. Katika utangulizi wake alieleza kwamba alilisikia kwa jamaa wa upande wa baba yake, huko Ireland ya Kaskazini. Vinywani mwao neno hilo lilifuta mazungumzo yote yaliyotangulia na papo hapo likadai usikivu wa waliopo.

Mtafsiri wa Kiswahili anayelikabili neno hilo hapati msaada mkubwa akifungua kamusi. Utaratibu uliozoeleka katika kamusi za lugha mbili ni kulikata neno katika fahiwa, kisha kila fahiwa ikapewa kisawe chake: sana, mno, hivyo, kwa hiyo, ili, basi, pia. Hakuna kosa katika orodha hiyo. Upungufu wake ni kwamba haielezi kwa nini neno moja limebeba mzigo wote huo, na kwa hiyo haimwongozi mtafsiri pale neno linapojitokeza mahali ambapo mtunga orodha hakupatazamia. Makala haya yanashikilia kwamba "so" ni kionyeshi katika matumizi yake yote. Yanadai pia kwamba Kiswahili kina chombo cha aina hiyo hiyo katika hivi, hivyo na vile, lakini mazoea ya kutafuta visawe kwa kufuata kategoria za kisarufi yamekifunika.

Historia ya neno inaunga mkono dai hilo. Umbo lake la kale, swā, lilimaanisha "kwa namna hiyo", na kutokana nalo Kiingereza kilijijengea ukoo mzima. "Also" ni swā iliyotanguliwa na neno la "yote", "as" ni "also" iliyochakaa kwa kutumiwa, na "such" ni swā iliyounganishwa na neno la "mfano". Kiswahili nacho kimejenga ukoo wa aina hiyo juu ya vi- ya namna: hivi, hivyo, vile, ndivyo, vivyo hivyo, na ile -vyo- inayopenya ndani ya kitenzi. Hata na kadhalika, lililotoka katika Kiarabu, lina ndani yake kionyeshi chenye maana ya "kama hilo". Anayelitumia kufasiri "and so on" anatafsiri kionyeshi kwa kionyeshi bila kujua.

Matumizi ya kiwango ndiyo yanayoonyesha vizuri kinachopotea. Mvuvi anayetanua mikono na kusema "samaki mkubwa hivi" anafanya lile lile afanyalo Mwingereza anaposema "so big" kwa ishara hiyo hiyo. Neno linaashiria, na mikono inakamilisha maana. Mwingereza anaposema "I was so tired" bila ishara yoyote, bado anaashiria, lakini safari hii anaashiria kiwango ambacho msikilizaji anaombwa akijaze mwenyewe kutokana na anayoyajua. "Nilichoka sana" inataja kiwango na kufunga mlango. "Nilivyochoka!" inauacha wazi, na mara nyingi, hasa katika majibizano ya riwaya na tamthilia, ndiyo tafsiri bora, japo mwanafunzi aliyekariri kwamba "so" ni kielezi cha kiasi hataifikia kamwe. Pale sentensi ya Kiingereza inapoendelea na kutaja tokeo, kiasi kwamba au hata hutosha, na hakuna haja ya kukaa hapo.

Katika "I think so" neno linarejelea kauli nzima iliyokwisha kutamkwa. Kiswahili hujibu kwa "nadhani hivyo" au, kwa ufasaha zaidi, "nadhani ndivyo". O-rejeshi inafanya kazi ambayo "so" haiwezi kuifanya: inatofautisha kilichotajwa na kilicho mbele ya macho. Mwingereza hana hivi na hivyo. Ana umbo moja, na muktadha humwamulia. Kwa hiyo mtafsiri kutoka Kiingereza hulazimika kuuliza swali ambalo matini ya chanzi haikuliuliza, yaani kinachoashiriwa kiko wapi.

Ulazima wa namna hiyo unajitokeza tena katika vishazi vya kusudi na tokeo. Sentensi kama "he spoke slowly so we understood" na nyingine yenye "so we could understand" zinatofautishwa na kitenzi kisaidizi peke yake, na katika mazungumzo ya kawaida mpaka huo hufifia. Kiswahili hakimruhusu mtafsiri kubaki katikati. Ama ataandika "ili tuelewe", kwa kitenzi kinachoishia kwa -e, na kumpa msemaji nia, ama ataandika "tukaelewa" au "kwa hiyo tulielewa", na kulifanya jambo kuwa tukio. Katika riwaya ambamo nia ya mhusika ndiyo fumbo lenyewe, kiambishi hicho kimoja kinaweza kulifumbua kabla ya wakati.

Uwanja uliopuuzwa zaidi, hata hivyo, ni ule wa "so" linaloanzisha usemi. Deborah Schiffrin, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu viashiria vya usemi, alilichambua kama alama ya tokeo. Mwaka huo huo Diane Blakemore, akifuata nadharia ya Uhusiano, alionyesha kwamba neno hilo halihitaji hata usemi uliotangulia. Mtu anayemwona mwenzake akirudi nyumbani na vifurushi tele anaweza kufungua mazungumzo kwa "so" na kumwambia kwamba amemaliza pesa zake zote. Neno limeashiria vifurushi. Kiswahili hapo husema "kumbe", "ina maana" au "ndiyo kusema", na kila moja lina ladha yake: kumbe lina mshangao, ina maana lina hesabu, ndiyo kusema lina lawama kidogo. Kwa hiyo linawezekana, lakini linamfanya msemaji aonekane anaendeleza hoja ambayo haikuwahi kuanzishwa.

Galina Bolden naye, katika makala yake ya mwaka 2006, alibainisha kwamba katika mazungumzo ya Kiingereza "so" hutangulia maswali yanayomhusu msikilizaji, hasa yale ambayo msemaji alikuwa akingoja nafasi ya kuyauliza. Neno hilo huonyesha kwamba jambo lilikuwa njiani tangu awali. Kiswahili cha mazungumzo, hususani cha Tanzania, kina neno linalofanya kazi hiyo, na linatoka katika ukoo ule ule wa vi- ya namna: "Hivi, mwanao alifaulu?" Hivi hii haielezi namna yoyote tena. Imepita njia iliyopitwa na swā, kutoka kuashiria namna hadi kuashiria jambo lililo akilini. Visawe hivi viwili si pacha, kwa kuwa hivi hupokea kwa urahisi shaka na hata dharau, kama katika "Hivi una akili kweli?", na Mwingereza angehitaji kiimbo au neno jingine ili kufika hapo. Hata hivyo linastahili nafasi katika kitomeo cha "so" kuliko kwa hiyo, ambalo siku hizi husikika likifungua maswali ya mahojiano ya redioni, "Kwa hiyo ulizaliwa wapi?", kana kwamba mahali pa kuzaliwa ni hitimisho la hoja.

Athari zake haziishii katika fasihi. Katika mahakama za Tanzania, kwa miongo mingi kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lilikuwa jambo la kawaida ushahidi kutolewa kwa Kiswahili na kumbukumbu kuandikwa kwa Kiingereza. Wakili anayemhoji shahidi kwa swali lililotanguliwa na "so" hamwulizi tu. Anamwambia kwamba maneno yake mwenyewe yamekwisha kulikubali jambo hilo. Mkalimani akiliacha neno hilo, shahidi anajibu swali tupu. Akiweka basi, shahidi anaweza kudhani mahojiano yanafungwa. "Kwa maneno yako, basi, ulikuwapo" ni ndefu, lakini inamwonyesha shahidi kidole kinaelekea wapi, naye anaweza kukikataa.

Ndipo linaporudi swali la Heaney. Neno linalojitokeza haraka ni basi, na kuna sababu nzuri. Basi hunasibishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya "inatosha", lililoenea pia katika Kiarabu cha mazungumzo na Kihindi. Kiswahili kimelihifadhi katika maana hiyo ya ukomo, na wakati huo huo kimelipa kazi ya kusukuma masimulizi mbele. Mtambaji husema basi kila anapovuka kutoka tukio moja hadi jingine. Neno linalofunga na kufungua kwa pumzi moja ndilo hasa ambalo Heaney alilisikia kwa jamaa zake. Haya inaita lakini haitazami nyuma. Sikilizeni imevaa joho la mhubiri, na Heaney alilikimbia joho hilo kwa makusudi.

Kuna pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya George Walkden, aliyehoji mwaka 2013 kwamba hwæt halikuwa wito hata kidogo, bali lilifungamana na kishazi kinacholifuata na kukipa maana ya mshangao wa "jinsi gani". Ikiwa ni hivyo, anayetafsiri kutoka Kiingereza cha Kale angeanza kwa jinsi na -vyo- ndani ya kitenzi, bila neno la kuita watu. Lakini hoja hiyo inamgusa Heaney kama mfasiri wa matini ya kale, si mtu anayemtafsiri Heaney. "So" lake ni uamuzi wa mshairi wa karne ya 20, kama vile "bro" la Maria Dahvana Headley mwaka 2020 lilivyo uamuzi wa mshairi wa karne ya 21.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika utambaji wa Kiswahili, basi huja baada ya paukwa na pakawa, hadhira ikiwa imekwisha kuitikia. Likiwekwa peke yake mwanzoni mwa ukurasa na kufungwa kwa nukta, msomaji atasikia "imetosha" kabla ya kusikia "tuanze". Kishawishi ni kuweka mkato badala ya nukta, ili neno liegemee sentensi inayofuata na maana ya ukomo ilainike. Tafsiri itakayofanya hivyo itasomeka bila kikwazo, ila itakuwa imewanyamazisha wale jamaa wa Heaney, ambao kwao kufuta maneno ya wengine kulitangulia kusimulia. Nukta inafaa ibaki.